Maswali manne kabla ya sindano nyingine: pumu ya watu wazima Makobola

Mama mdogo wangu anaishi Makobola, kando ya ziwa Tanganyika, na kazi yake ni ile ya wamama wengi wa pwani hiyo: kukausha samaki kwa moshi na, msimu ukifika, kuchemsha mawese. Anaumwa pumu tangu sijamaliza sekondari. Mwezi uliopita alizidiwa usiku, saa nane, akapelekwa kituo cha afya kwa pikipiki, amekaa katikati, dereva mbele na mwanae nyuma akimshikilia asianguke. Alichomwa sindano mbili, akapata nafuu kulipokucha, akarudi nyumbani na vidonge. Ni vidonge vile vile anavyomeza miaka yote, ila safari hii vimeongezwa: badala ya mara mbili kwa siku, mara tatu.

Kituo chenyewe sitakitaja, kwa sababu nikikitaja mtadhani shida ni ya kituo hicho. Muuguzi aliyekuwa zamu alifanya alichofundishwa, kwa dawa alizokuwa nazo, kwa mwanga wa simu. Siku ya pili nilimpigia mama mdogo nikamuuliza jambo moja tu: kabla ya kukuongezea dawa, walikuuliza nini?

Akanijibu: "Waliniuliza kama nimekuja na fishi."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Si kama munganga, mimi nilisomea uandishi wa habari, lakini kuuliza maswali ndiyo kazi niliyofundishwa, na kwa wiki kadhaa nimesoma na kuuliza waganga namna dawa ya pumu inavyotakiwa kuongezwa kwa mtu mzima. Nimekuta kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni maswali. Nimekuta pia kwamba nchi za mbali na za jirani wamejaribu kuyaweka maswali hayo ndani ya kompyuta, ili imwongoze anayetibu. Wengine walifaulu na wengine walishindwa, na sababu zao zinatuhusu sisi wa Fizi kuliko tunavyofikiri.

Jina la Makobola linapoingia kwenye habari, mara nyingi ni kwa sababu ya bunduki. Wenye umri wanakumbuka mauaji ya mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, na tangu hapo sisi waandishi tumezoea kupita pale na maswali ya usalama peke yake. Upande wa afya, redio zinatangaza kipindupindu, malaria, surua. Pumu haitangazwi kwa kuwa haiambukizi. Mtu mzima akikata roho usiku kwa kukosa pumzi, tunasema alikuwa na kifua, au majirani wananong'ona kwamba ni karuho na wanaanza kutafuta nani aliyemlisha sumu. Hapo familia mbili zinagombana kwa ugonjwa ambao una jina na una dawa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu duniani na watu 455,000 walikufa nayo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo kama yetu.

Pumu hutibiwa kwa ngazi. Mwongozo unaofuatwa sehemu nyingi duniani ni ule wa GINA, jopo la wataalamu lililoanzishwa mwaka 1993, na una ngazi tano. Mgonjwa akiwa hajatulia anapandishwa ngazi moja, akitulia kwa miezi kadhaa anaweza kushushwa. Mwaka 2019 jopo hilo lilibadilisha jambo kubwa: lilisema mtu mzima mwenye pumu asitibiwe tena kwa salbutamol peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo. Kila mgonjwa apate dawa ya kuvuta yenye kotikosteroidi, yaani ile inayopunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, kama budesonide au beclometasone.

Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa mtu wa ziwani. Ndani ya kifua cha mwenye pumu kuna mambo mawili: misuli inayobana njia ya hewa, na uvimbe unaoifanya ibane kila mara. Salbutamol inalegeza misuli. Uvimbe haiugusi. Kumpa mgonjwa salbutamol peke yake miaka kumi ni kuchota maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Mtumbwi hauzami leo, na kwa sababu hauzami leo unaamini kwamba umeutengeneza. Vidonge vya salbutamol, ambavyo ndivyo vinavyouzwa sana huku, ni dhaifu zaidi ya ile ya kuvuta: vinachelewa, vinafanya moyo uende mbio na mikono itetemeke, na GINA haivishauri. Aminofilini nayo, ambayo wazee wetu wameizoea, iko karibu sana na kipimo cha sumu.

Sasa maswali yenyewe. Ni manne, yanahusu wiki nne zilizopita, na hayahitaji mashine yoyote. Je, dalili za mchana zimekupata zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, umewahi kuamka usiku kwa sababu ya kifua? Je, umehitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu imekuzuia kufanya kazi yoyote? Anayejibu hapana kwa yote, pumu yake imetulia. Ndiyo moja au mbili, imetulia nusu. Ndiyo tatu au nne, haijatulia kabisa. Nilimuuliza mama mdogo kwa simu, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, ilichukua muda mfupi kuliko salamu zake. Alijibu ndiyo kwa yote manne. Kwa swali la nne alicheka: "Kazi gani? Kupanda kutoka ziwani na beseni nilishaacha tangu mwaka jana." Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na yeye alidhani ni uzee.

Msomaji atasema: basi huyo apandishwe ngazi, mambo yaishe. Hapana, na hapa ndipo penye uzito. Kabla ya kuongeza dawa, mwongozo unamtaka anayetibu asimame na achunguze kwa nini dawa iliyopo haikufaa. Anavuta vizuri? GINA inaandika kwamba wagonjwa hadi 80 kati ya 100 hawajui kutumia pompi yao sawasawa: wanapuliza kabla ya kuvuta pumzi, au dawa inaishia kwenye ulimi. Anaitumia kweli kila siku, au anaiweka akiba kwa ajili ya siku mbaya, kwa sababu ni ghali? Kuna dawa nyingine anayotumia inayomdhuru? Propranolol ya presha inaweza kufunga kifua cha mwenye pumu, na kwa baadhi ya wagonjwa hata aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, ile sindano ya mgongo ambayo huku inachomwa kama maji. Ni pumu kweli, au ni kifua kikuu, au mapafu yaliyochoka kwa moshi wa miaka thelathini? Na moshi wenyewe, uko wapi? Mama mdogo anakaa juu ya tanuru la mikeke masaa matano kwa siku. Umuongezee kidonge cha tatu, cha nne, cha tano, kesho asubuhi atarudi kwenye moshi ule ule.

Wauguzi wetu hawakosi akili ya kuuliza hayo. Wanakosa wakati, na wanakosa kitu cha kuwakumbusha. Muuguzi mkuu wa kituo, tunayemwita IT, anaona watoto wenye homa, anazalisha, anachanja, anajaza ripoti za mwisho wa mwezi. Kwa magonjwa mengi ana odinograme, zile karatasi zenye mishale: kama ndiyo nenda huku, kama hapana nenda kule. Waganga walionisomesha jambo hili walinipa picha nzuri: kompyuta ya kumshauri anayetibu ni odinograme iliyoingizwa kwenye tablete. Inauliza swali, haikubali uruke, inahesabu majibu, halafu inasema mgonjwa huyu yuko ngazi gani, na kabla hujampandisha hakikisha hili na hili.

Kabla hatujaishangilia, tuangalie Uingereza. Mwaka 2002 gazeti la waganga la BMJ lilitoa utafiti uliofanywa katika vituo 60 vya waganga wa familia, kaskazini mashariki mwa nchi ile. Waliwekewa mwongozo wa pumu na wa maumivu ya moyo kwa watu wazima ndani ya kompyuta zao za mezani. Umeme upo, kompyuta zipo, dawa zote zipo. Matokeo: hakuna tofauti iliyoonekana. Mwongozo haukubadilisha matibabu wala afya ya wagonjwa, na sababu moja ilikuwa wazi, waganga hawakuufungua mara nyingi. Ulikuwa mlango wa pembeni, na mtu mwenye haraka hapiti mlango wa pembeni.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, habari ni tofauti. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, vituo 40 vya afya vya ngazi ya chini vilishiriki katika utafiti wa programu ya tablete inayoitwa ePOCT+, kwa ajili ya watoto wagonjwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Katika vituo visivyokuwa na tablete, watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Kwenye vituo vyenye tablete, pamoja na vipimo vidogo, mafunzo na ufuatiliaji, walikuwa 23. Na watoto hawakuumwa zaidi kwa sababu hiyo. Rwanda nayo iliingia katika mradi huo huo.

Kwa nini hapa ndiyo na kule hapana? Maoni yangu, na mtu anaweza kunipinga: kule Uingereza mashine ilikuja kumkumbusha mganga jambo ambalo alidhani analijua. Mbeya mashine ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, unaifuata tangu mtoto anaingia mpaka anatoka, na wakubwa wanaangalia kama umeifuata. Tena ilikuja na vipimo mkononi. Haikuja kumwambia muuguzi apime kitu ambacho hana cha kukipimia.

Lakini ona jambo jingine. Tablete hizo ni za watoto. Miradi mingi ya namna hii Afrika ilianza kwa watoto wadogo, na ilikuwa haki, ndio wanaokufa wengi. Gratuite ya kujifungua iliyozinduliwa Kinshasa mwezi wa tisa 2023 nayo ilianza na wamama wanaozaa na watoto wachanga. Sipingi hata kidogo. Nasema tu kwamba mwanamke wa miaka 52 mwenye pumu, ambaye amekwisha kuzaa na ambaye si mtoto, hayumo kwenye mradi wa mtu. Hana kipimo kinachomsubiri, hana rejista yake, hana siku yake ya kliniki. Anatokea saa nane za usiku, anachomwa sindano, anapotea mpaka usiku mwingine.

Kwa hiyo nataka tablete ya pumu ifike Makobola? Ndiyo. Kompyuta si kitu kigeni kwenye mfumo wetu: ripoti za zoni za afya zinaingizwa kwenye DHIS2, programu ambayo nchi nzima inaitumia. Hesabu zinapanda kutoka kijijini kwenda Nundu, kutoka Nundu kwenda jimboni, hadi Kinshasa. Kinachoteremka ni kidogo. Ningependa mara moja nione kompyuta inayomteremshia muuguzi ushauri badala ya kumdai tarakimu. Na rezo isiwe kisingizio, programu ya aina hii inaweza kufanya kazi bila intaneti na kutuma taarifa siku rezo ikirudi.

Ila nina sharti, na sharti hili ndilo nataka viongozi wa afya wa jimbo na mashirika yanayowafadhili walisikie kabla ya kununua hata tablete moja. Programu ijue rafu ina nini.

Niliingia katika maduka matatu ya dawa kumtafutia mama mdogo. Vidonge vya salbutamol vilikuwepo kote. Pompi ya salbutamol niliikuta kwenye duka moja. Pompi yenye budesonide na formoterol pamoja, ambayo ndiyo GINA inaiweka mbele kwa watu wazima kwa kuwa inatuliza na kutibu kwa mara moja, wauzaji wawili hawakuijua jina. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu za OMS tangu 2017. Haina siri yoyote, haihitaji friji. Haipo tu. Sasa fikiria tablete ya dola mia kadhaa inawaka mbele ya muuguzi na kumwandikia: mpandishe mgonjwa ngazi ya tatu, mpe budesonide na formoterol. Muuguzi atafanya nini? Atafunga tablete atoe vidonge. Siku ya pili hataiwasha, na miezi sita baadaye wageni watakuja na kuandika kwamba wauguzi wa Fizi hawapendi teknolojia.

Programu iliyotengenezwa kwa ajili yetu ingeuliza kwanza: leo una nini? Kama kuna beclometasone na salbutamol zikiwa mbalimbali, mwongozo huo huo wa GINA una njia yake: mgonjwa avute steroidi kila anapovuta salbutamol, au avute steroidi kila siku na salbutamol akibanwa tu. Kama hakuna steroidi ya kuvuta kabisa, programu iandike hivyo, na maandishi hayo yapande kwenye zoni na kwenye jimbo pamoja na zile tarakimu nyingine, ili mtu mmoja ofisini aone kwamba mwezi huu wagonjwa kadhaa walistahili kupandishwa ngazi na hawakupandishwa kwa sababu dawa haikuwepo. Hapo tablete ingekuwa shahidi. Hicho ndicho kinachonivutia kwake kuliko hesabu zake za ngazi, ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa vidole.

Tena iulize kwa lugha ya mgonjwa. Niliona mwongozo mmoja wa Kifaransa unaouliza kuhusu "uzuio wa shughuli". Mama wa Makobola ukimuuliza hivyo atajibu hapana, kwa heshima. Ukimuuliza kama anaweza kupanda na beseni kutoka ziwani bila kupumzika njiani, kwa Kiswahili au kwa Kibembe, utapata ukweli. Na swali la moshi liwe la kwanza kwenye skrini, lisiwe chini kabisa baada ya paka na mazulia, kama ilivyo katika miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya.

Wakati tunasubiri, kuna mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Maswali manne yanaenea kwenye nusu ya karatasi, yanaweza kubandikwa ukutani kesho asubuhi katika kila kituo kuanzia Makobola mpaka Baraka. Daktari mkuu wa zoni anaweza kuagiza kwamba asiongezewe mtu dawa ya pumu bila majibu hayo kuandikwa kwenye fishi. Kuna pia chupa. Mwaka 1999, huko Cape Town, watafiti wakiongozwa na Daktari Heather Zar walilinganisha vifaa vya kiwandani vya kusaidia kuvuta pompi na chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa nyuma, pompi ikachomekwa na kuzibwa vizuri pasipite hewa. Kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa iliyozibwa ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani. Kikombe cha plastiki hakikufaa. Chupa kama hizo zimejaa kando ya Barabara ya Taifa namba 5, ni sisi wasafiri tunazitupa.

Najua kuna atakayesema kwamba katika eneo ambako barabara inakatika kwa mvua na kwa risasi, kuzungumzia ngazi za pumu ni anasa. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu. Ila mama mdogo amekimbia vita mara nne, na kila mara alikimbia na pumu yake. Kwa mwenye kifua kama chake, kukimbia kilomita tatu na mtoto mgongoni ndiyo hatari yenyewe.

Daktari mmoja niliyesoma naye sekondari aliongea naye kwa simu, akamuuliza yote niliyoyaandika hapa na mengine, akakuta pia kwamba alikuwa anachomwa diklofenaki kwa ajili ya mgongo na mara mbili alizidiwa usiku wa siku hizo hizo. Sindano hiyo imesimamishwa. Tanuru la samaki limesogezwa upande wa upepo, na binti yake amechukua zamu ya asubuhi. Pompi ya beclometasone niliipata kwa mtu aliyetoka Bujumbura, nikamtumia na chupa iliyotobolewa. Ina dozi 200. Akivuta mbili asubuhi na mbili jioni, kama daktari alivyosema, itamfikisha siku 50. Leo ni siku ya kumi na nane, usiku analala, na mimi nimeanza kuulizia nani mwingine anasafiri.